Pima Chuma Kabla Hakijakupima Wewe

Mazungumzo na wakazi wa Temeke na Kinondoni kuhusu kununua na kutumia vyuma vya mazoezi baada ya umri wa makamo



Kitu hiki nilichokiweka mezani kimewashughulisha baadhi yenu tangu mlipoingia. Nimemsikia kijana mmoja pale nyuma akisema kwamba ni birika lililopoteza mdomo. Hakukosea sana. Madukani huitwa ketobeli, na katika jina hilo la kigeni mna birika na kengele pamoja. Ni tufe la chuma lenye mkono mnene juu yake, basi. Halina umeme, halina betri, wala halina kitu cha kuharibika ndani yake, ikiwa limetengenezwa kwa uaminifu. Neno hilo la mwisho, uaminifu, ndilo lililonileta mbele yenu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani masokoni. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza muuza mchele, mchinjaji na mnunuzi wa korosho swali moja: je, jiwe lako la mizani lina uzito ule ulioandikwa juu yake? Hebu fikirini mshangao wangu nilipokuja kujifunza kwamba ketobeli yenyewe ilianza maisha yake ikiwa jiwe la mizani. Huko Urusi wafanyabiashara wa nafaka walipima kwa kipimo kilichoitwa pudi, ambacho ni sawa na kilo 16.38. Mawe hayo ya chuma, yaliyoitwa girya, yalitiwa mikono ili yabebeke, na vijana wa sokoni wakaanza kushindana kuyanyanyua. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Saint Petersburg, Vladislav Kraevsky, alianzisha chama cha mazoezi ya viungo ambamo vyuma vya namna hii vilitumiwa, naye mwenyewe wakati huo alikuwa amekwisha kuvuka miaka 40. Hadi leo uzito wa kawaida wa ketobeli ni kilo 16, 24 na 32, yaani pudi moja, pudi moja na nusu, na pudi mbili, baada ya kukatwa desimali.

Kwa hiyo chombo hiki ni mtoto wa sokoni. Na mtoto wa sokoni sharti apimwe.

Sababu ya mimi kujishughulisha na mambo haya si historia. Miaka michache iliyopita dada yangu mkubwa, mkazi wa Mbagala, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hakuanguka kutoka juu ya mwembe. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe. Nilipokaa kando ya kitanda chake ndipo nilipokumbuka kwamba kwa muda wa miaka miwili hivi kabla ya siku ile, alikuwa hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Sisi sote tuliona, tukasema ni uzee. Hatukusema kwamba mapaja yake yamepungua nguvu, na kwamba nguvu ni kitu kinachoweza kutafutwa.

Mwili wa binadamu huanza kupoteza misuli tangu miaka ya thelathini. Wataalamu hukadiria asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi huzidi. Kwa akina mama, hedhi ikikoma, mifupa nayo hupoteza uimara kwa haraka. Lakini mwili mzee haujawa kiziwi: ukiombwa nguvu kwa adabu, hujibu. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri kati ya miaka 86 na 96. Tisa walimaliza majuma manane. Nguvu za misuli ya mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kwa sababu kila mara yupo mtu wa miaka 55 anayeniambia kwamba muda wake umepita.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, mbali na kutembea au kukimbia. Wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa kufanya mazoezi ya nguvu na ya kuweka mwili sawia siku tatu kwa juma au zaidi, ili wasianguke. Najua wengi wenu hukimbia Jumamosi alfajiri katika vikundi vya jogging, na fulana zenu nimeziona. Endeleeni. Ila mbio peke yake hazitampa mtu mgongo na mikono ya kuinua ndoo.

Hapa kuna mama atakayesema: mwanangu, mimi nachota maji kila siku, mazoezi gani tena? Ni hoja yenye uzito, kwa kweli, maana ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Tofauti ni kwamba ndoo haikuulizi kama leo umelala vizuri. Haianzi na kilo 5 ikaongezeka kadiri unavyozoea. Daima inakuja ikiwa imejaa, na daima kwa mkono uleule. Tena wengi wetu siku hizi hatuchoti. Tunakaa kwenye cherehani, kwenye usukani, kwenye meza ya duka, kisha siku maji yanapokatika tunataka kuinua ndoo nne kwa mara moja.

Sasa nitakiri kosa langu. Baada ya mkasa wa dada nilikata shauri la kujiimarisha, nami nikaenda kununua ketobeli kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzuri, na kwa rangi nyeupe imeandikwa 12. Mimi, niliyeyapima mawe ya watu maisha yangu yote, sikuipima. Niliibeba hadi nyumbani, na juma hilohilo nikaanza kuisukuma juu ya kichwa kwa mkono mmoja, kama nilivyoona vijana wakifanya. Siku ya tano bega langu la kulia lilitoa mlio. Kwa muda wa miezi minne sikuweza kushika bomba la daladala kwa mkono ule. Nilipokuja kuitundika kwenye mizani, nilikuta ni kilo 15 na nusu. Saruji ilikuwa imemiminwa ndani bila kupimwa, na namba iliandikwa kwa kukisia. Nilizidishiwa kilo tatu na nusu. Sokoni mtu angeshukuru kwa zawadi hiyo, lakini bega halikushukuru.

Kosa jingine, lililo kinyume cha hilo, nimeliona mara nyingi zaidi. Vyuma vinavyotoka nje, hasa vya mtumba vinavyoshushwa kwenye makontena, aghalabu vimeandikwa kwa pauni na si kwa kilo. Pauni moja haifiki nusu kilo. Ni gramu 454. Ukikuta chuma kimechongwa 25, pembeni na herufi LB, hicho ni kilo 11 na robo hivi. Muuzaji akikuuzia kwa bei ya kilo 25, umelipia zaidi ya kilo 13 za hewa. Pengine yeye mwenyewe hajui. Wewe ujue. Tazama herufi zilizo kando ya namba, na pasipo na herufi yoyote, usiiamini namba.

Njia ya kujua ni nyepesi na haina gharama. Ketobeli ina mkono, kwa hiyo hutundikika vizuri sana kwenye ndoana ya mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Mwombe jirani wa mizani akupimie kabla hujalipa. Chagua mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, kwani mizani za biashara huhakikiwa kila mwaka. Tofauti ya robo kilo katika chuma cha kilo 12 haitakudhuru. Ya kilo nzima, omba maelezo au uondoke.

Baada ya uzito, uangalie mkono wa chuma chenyewe, kwa sababu hapo ndipo ajali hutokea. Chukua kitambaa laini au kipande cha kanga kuukuu, ukipitishe juu ya mkono wote, hata upande wa chini. Kikinasa nyuzi, kitanasa na ngozi ya kiganja. Penye kiungo cha kulehemu, tafuta ufa, kutu au vinundu. Sikatai kazi za mafundi wetu wa kulehemu, wapo wanaotengeneza vyuma imara kuliko vile vya dukani, lakini mkono uliobandikwa kwa nukta mbili tatu za moto utakatika siku moja, na chuma kikiruka hakichagui pa kuangukia. Kitikise karibu na sikio. Kinachogongagonga ndani kina saruji iliyopasuka au mchanga uliolegea. Kiweke sakafuni: kisiyumbe. Mwisho, ukishike kwa kiganja kizima. Mkono mnene mno humchosha mwenye vidole vifupi au yabisi ya viungo, na chombo kisichoshikika ni hasara hata kikiwa cha bei rahisi.

Habari ya rangi niipitie haraka. Vyuma vya mashindano hupakwa rangi kwa uzito: njano kwa kilo 16, kijani kwa 24, nyekundu kwa 32. Lakini rangi ni rangi, na kopo la rangi linauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi.

Je, asiye na fedha ya kununua? Nitasema wazi, ingawa wauzaji hawatafurahi: kwa miezi miwili ya kwanza wengi wenu hamhitaji kununua chochote. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5. La lita 10 lina kilo 10, nalo lina mkono. Mchanga mkavu ni mzito kuliko maji, hata dumu la lita 5 likijazwa mchanga hukaribia kilo 8. Hiki ndicho kipimo cha haki kuliko vyote, kwa sababu unaweza kuongeza kikombe kimoja kimoja. Sharti langu ni moja: dumu ni la kuinua na kubeba tu. Usilibembeze wala usilipandishe juu ya kichwa, kwa maana mkono wa plastiki na kifuniko chake havikuundwa kwa kazi hiyo.

Mwenye nia ya kununua, anunue kimoja. Kwa mama anayeanza, kilo 6 au 8 zinatosha; kwa baba, 8 hadi 12. Wanaume wa rika langu hupenda kuanzia 16, kwa sababu ambayo haihusiani na afya. Kumbukeni pia kwamba kutoka kilo 8 kwenda 12 ni kuongeza nusu nzima ya mzigo. Misuli huzoea mapema. Kano zinazoifunga misuli kwenye mfupa huchelewa, na baada ya miaka 50 huchelewa zaidi. Kwa hiyo ongeza idadi kwanza, uzito baadaye. Anayeinua mara tano leo, na ainue mara sita juma lijalo, hata afike kumi na mbili bila kutetereka, ndipo afikirie chuma kingine.

Jambo lenyewe la kujifunza ni moja, nalo ni kukunja nyonga badala ya kukunja mgongo. Chukua mpini wa fagio, uuweke wima mgongoni, uguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa juu ya makalio. Sasa legeza magoti kidogo, uyasukume makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio hali mikono imejaa vyombo. Mpini usiachane na sehemu hata moja kati ya zile tatu. Hivyo ndivyo inavyopasa kuinua chuma, na ndivyo inavyopasa kuinua ndoo, gunia na mjukuu. Fanyeni hivyo bila mzigo kwa majuma mawili. Inachosha akili zaidi ya mwili, najua.

Kisha weka chuma au dumu juu ya kigoda, katikati ya miguu, na si mbele yako. Kunja nyonga, shika, simama wima, rudisha taratibu. Mara tano hadi nane, pumzika, mara tatu hivyo. Toa pumzi unaposimama. Usiibane kifuani, kwani kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla. Halafu beba mzigo huo kwa mkono mmoja hatua ishirini, mwili usiinamie upande, ubadilishe mkono. Malizia kwa kuketi kitini na kuinuka bila kutumia mikono. Siku mbili au tatu kwa juma, zisizofuatana, nusu saa kila siku. Kule kubembeza chuma kati ya miguu hadi usawa wa kifua, ambako ndiko kunakoipa ketobeli sifa yake, kusubiri hadi mtu aweze kuinua kwa usahihi kwa miezi miwili, na tena mbele ya mwalimu. Kupandisha juu ya kichwa ni kwa wenye mabega mazima. Mimi nilirudi kwenye zoezi hilo baada ya mwaka, nikiwa na kilo 6.

Fanyeni asubuhi au jioni, joto la mji wetu likiwa limepungua. Viatu viwe na soli bapa, au miguu iwe mitupu. Sakafu ya marumaru yenye jasho ni sawa na bafu la dada yangu. Watoto na kuku wawe mbali.

Wenye shinikizo la juu la damu, kisukari, maradhi ya moyo, mifupa iliyowahi kuvunjika au ngiri, muoneni daktari kabla ya kuanza, si kwa ajili ya kuomba ruhusa bali ili mjue mipaka. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifanye mazoezi akiwa na njaa. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, kubanwa kifua au kizunguzungu si ya kawaida: weka chuma chini, uende hospitali.

Hapa nitawakera baadhi yenu. Kuna desturi iliyoenea ya kumeza vidonge vya diklofenaki kabla ya mazoezi ili mwili usiume. Maumivu ni mkaguzi; ukimfunga mdomo, kosa linaendelea. Tena dawa hizo zikitumiwa mara kwa mara huweza kuchimba vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, nazo hugombana na baadhi ya dawa za shinikizo. Kuhusu unga wa kujenga misuli unaouzwa kwenye makopo makubwa, wengi wenu mtapata protini yenu kwa maharage, dagaa, mayai na maziwa kwa fedha ndogo. Anayenunua kopo atazame kama lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania au limesajiliwa nalo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na orodha ya viambato katika lugha anayoisoma.

Wanaotaka kujiunga na jimu wasilipie mwaka mzima siku ya kwanza, hata wakipunguziwa bei. Lipa siku moja au juma moja, uketi utazame. Mwalimu mwema atakuuliza umri wako, maradhi yako na majeraha yako kabla ya kukupa chuma. Asiyeuliza chochote, akakupanga pamoja na vijana wa miaka 20, anauza nafasi, hafundishi. Ulizeni pia: mtu akiugua miezi miwili, ada yake inasimama au inapotea? Jibu liandikwe.

Dai risiti, hata kwa chuma kimoja. Isemwe uzito ulioahidiwa: si "chuma cha mazoezi 1" bali "ketobeli kilo 12". Bila maneno hayo huna ushahidi. Na msitishwe na lile tangazo la ukutani lisemalo mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji juu ya aina na ubora wa bidhaa, na tangazo la ukutani halimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Anza kwa muuzaji mwenyewe, kwa upole, ukiwa na risiti na chuma chenyewe, wengi hurekebisha. Akikataa, malalamiko juu ya udanganyifu yapelekwe Tume ya Ushindani, na yale ya mizani isiyo sahihi yapelekwe Wakala wa Vipimo.

Dada yangu sasa anatembea na fimbo. Kila Jumanne na Ijumaa naenda Mbagala, tunaketi na kuinuka kitini pamoja, yeye na dumu lake la lita 3 kifuani. Mwezi uliopita aliongeza vikombe viwili vya maji bila kuniambia, nikagundua kwa kuliinua.

Basi, mizani ile ya kuning'iniza iliyo pale mlangoni ina stika ya mwaka huu, nimeikagua mwenyewe asubuhi. Wale mlioombwa kuja na vyuma vyenu, na mimi naona kuna makopo ya rangi matatu na gia moja ya lori, tupange mstari. Tuanze na mama aliyevaa kitenge cha bluu. Mama, kabla hatujakitundika, tuambie: wewe uliambiwa ni kilo ngapi?